Mlinunua Hofu Mkaiita Elimu

Mwenye kampuni ile ya India iliyouza masomo ya watoto kwenye simu amekwisha karipiwa na kila mwenye kalamu. Wakaguzi wa hesabu wamemkimbia, wanahisa wamempigia kura ya kumng'oa, mahakama za Bengaluru na Delaware zimemsomea madeni yake. Kumwongezea Byju Raveendran maneno leo ni kumpiga teke mtu aliyekwisha anguka. Niliowajia mimi ni ninyi wazazi mliomfungulia mlango.

Alipoanza alikuwa mwalimu, tena mwalimu hasa. Ni mtoto wa walimu wa kijiji cha Azhikode, Kerala. Akasomea uhandisi, akawa anawasaidia rafiki zake kujiandaa kwa mtihani mgumu wa kuingia vyuo vya biashara. Akaufanya na yeye kama mzaha, akashika daraja la juu kabisa. Wanafunzi wakajaa chumbani, chumba kikawa ukumbi, ukumbi ukawa uwanja wa michezo. Hakuna aliyewabembeleza kuja. Walifuata hesabu inayoeleweka. Mwaka 2011 yeye na mkewe, Divya Gokulnath, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wakaanzisha kampuni; mwaka 2015 ikatoka programu ya simu. Kipaji kile kilikuwa cha kweli, na ndiyo maana nawakasirikia zaidi, kwa sababu si kipaji mlichokinunua.

Programu ya hesabu haijiuzi yenyewe. Kinachojiuza kilikuwa kimelala vifuani mwenu tangu zamani: hofu kwamba mtoto wa jirani atampita wenu. Naijua hofu hiyo. Niliwahi kumlipia mwanangu tuisheni ya alfajiri mwaka mzima, na sababu yangu yote ilikuwa gari lililopita mlangoni saa kumi na moja likiwa limejaa wenzake. Alichofundishwa kule sikuwahi kumuuliza.

Waandishi wa India walieleza jinsi muuzaji alivyoingia sebuleni. Anakaribishwa chai, anasifu nyumba, kisha mtoto anaitwa na kuulizwa swali mbele ya baba na mama. Swali limezidi darasa lake. Mtoto anakwama, anatazama sakafu, na katika ukimya ule mkataba unatolewa mkobani. Sikilizeni vizuri: katika chumba kile alikuwapo mtoto mmoja aliyeaibishwa na watu wazima watatu, na wawili kati yao walikuwa wazazi wake. Hakuna aliyesema, "Mwanangu, hilo hujafundishwa bado." Kalamu ilitafutwa kwanza. Wapo waliogundua baadaye kwamba walichotia sahihi kilikuwa mkopo wa taasisi ya fedha, na kwamba marejesho yanaendelea kukatwa hata kishikwambi walichouziwa kikiwa kabatini kimezimika.

Desemba 2022 tume ya taifa ya India ya kulinda haki za watoto ilimwita mwenye kampuni. Mwenyekiti wa tume alidai kuwa kampuni inanunua namba za simu za watoto na wazazi na kuwaandama, hasa wale ambao mtoto wao ndiye wa kwanza katika ukoo kusoma. Kampuni ilikana kununua namba. Lakini baada ya hapo ikatangaza kwamba haitatembeza bidhaa nyumba kwa nyumba tena, na kwamba haitaiuzia familia yenye kipato chini ya rupia 25,000 kwa mwezi. Pimeni tangazo hilo. Familia hizo zilikuwapo tangu siku ya kwanza, na umaskini wao ulikuwa wazi kwa yeyote aliyekaa kwenye viti vyao na kunywa chai yao.

Nanyi wa huku kwetu, Mbagala na Kayole, mnaotikisa kichwa kuwasikitikia Wahindi, teremsheni kichwa. Ubao wa matangazo wa shule unaoandika alama za mtihani kwa rangi nyekundu na jina la mwalimu wa hesabu usiandike popote mnaupita kila asubuhi, na mnaufurahia.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ugonjwa, fedha zilimiminika kama mvua ya masika juu ya bati. Kampuni ikainunua WhiteHat Jr kwa dola milioni 300, kampuni ya kuwafundisha watoto wa miaka sita kuandika programu za kompyuta. Matangazo yake yalikuwa na mtoto aitwaye Wolf Gupta, aliyejifunza huko akaajiriwa na Google kwa mshahara wa kutisha. Umri wake na mshahara wake vilibadilika tangazo hadi tangazo. Hakuwahi kuzaliwa, alikuwa wa kubuni, na baraza la India linalosimamia maadili ya matangazo likaitaka kampuni iyaondoe matano kati ya matangazo yake. Mnamlaumu aliyemtunga Wolf Gupta. Mimi nauliza ni nani aliyemwamsha binti yake Jumamosi asubuhi ili awe kama mtoto ambaye hayupo.

Wenye mitaji sina haja ya kuwasemea sana, maana wao hulia kwa namba. Mwaka 2022 waliikadiria kampuni hii kuwa na thamani ya dola bilioni 22. Mwaka huohuo hesabu zake za mwaka wa fedha uliokoma Machi 2021 zikatoka, zikiwa zimechelewa mwaka mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na hasara ya rupia bilioni 45.88. Kampuni ya kufundisha watoto hesabu ilishindwa kuwasilisha hesabu zake kwa wakati, na matajiri wa dunia wakangoja kwa adabu kama watoto wa shule ambao mwalimu amechelewa. Juni 2023 Deloitte wakajiuzulu ukaguzi, na wajumbe watatu wa bodi wakatoka. Prosus, iliyozaliwa na Naspers ya Afrika Kusini, ikaja kuandika kwamba hisa zake humo hazina thamani yoyote.

Kuna miezi miwili nataka muikumbuke. Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi 2,500. Novemba ikamtangaza Lionel Messi kuwa balozi wake wa elimu kwa wote, na Kombe la Dunia la Qatar likachezwa jina la kampuni likizunguka kwenye mabango ya uwanja. Wafanyakazi wanafukuzwa, mcheza mpira anavishwa jezi, nanyi mkaona dalili ya nguvu! Mliposikia jina linang'aa mlidhani na masomo yanang'aa. Jina hilo lilikuwa limekaa kifuani mwa timu ya kriketi ya India tangu 2019, na ni wangapi kati yenu waliolipa ada kwa sababu hiyo tu, kwamba kitu kilichovaliwa na mashujaa hakiwezi kuwa cha ovyo.

Basi jezi ile ya kriketi ndiyo iliyoipeleka kampuni mahakamani. Walioiangusha hawakuwa wazazi waliodai kurudishiwa fedha, wala wauzaji vijana waliochoka kutishwa na malengo ya mwezi. Bodi ya kriketi ya India ilidai rupia bilioni 1.58 za udhamini, na Julai 2024 baraza la Bengaluru linaloamua kesi za makampuni likaiingiza kampuni katika ufilisi. Kabla ya hapo iliripotiwa kuwa mwenye kampuni aliweka rehani nyumba za familia ili mishahara ilipwe. Namwonea huruma kwa hilo, na sitaki huruma hiyo iwapoze ninyi.

Maana naona linalokuja, wala halihitaji utabiri. Muuzaji mwingine yuko njiani, safari hii amebeba akili mnemba itakayomjua mtoto wenu kuliko mnavyomjua. Atakuwa na sauti ya upole. Atasifu chai. Mtoto ataitwa kutoka chumbani, asimame kando ya meza, aulizwe swali lililozidi darasa lake, naye atawatazama ninyi kwanza kabla ya kutazama sakafu. Nanyi mtakuwa mmeinama, mnatafuta kalamu.