Unamtafuta Nani?

Mtu akitembea katika mtaa wa wenzake, ana haki ya kuangalia mpaka wapi? Swali hili lilinijia Marseille, mji wa bandari wa Ufaransa ulioanzishwa na Wagiriki kando ya Bahari ya Mediterania miaka ipatayo 2,600 iliyopita.

Nilikuwa nimejiapiza kutokuwa mtalii. Asubuhi nilipita gatini Bandari Kongwe, ambako wavuvi huuza samaki wao, nikawaacha wageni wakipanga foleni kwenda kanisa la Notre-Dame de la Garde, juu kilimani. Mimi nilitaka kuuona mji wenyewe. Nikapanda ngazi za Le Panier, nikapita chini ya nguo zilizoanikwa madirishani, kisha nikateremka hadi Noailles, mtaa wa soko wenye harufu ya bizari na mnanaa. Moyoni nilijiona bora kuliko wale wa kwenye foleni.

Katika kichochoro kimoja nilisimama nikainua kamera. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua mboga, akaniuliza kwa Kifaransa, bila ukali, namtafuta nani. Sikuwa na jibu. Kwetu pia mgeni anayezungukazunguka mtaani huulizwa hivyo, na asiye na jibu hutiliwa shaka. Mlango ule niliotaka kuupiga picha ulikuwa wake.

Tumefundishwa kubisha hodi mlangoni. Lakini hodi ya mtaa hubishwa wapi? Wengine watasema heri mgeni abaki kwenye njia ya watalii, asiwasumbue watu. Nami karibu nikubali, ila historia ya mji ule ilinizuia.

Mwezi Januari 1943 jeshi la Ujerumani, likishirikiana na polisi wa Ufaransa, liliwatoa watu wapatao 20,000 katika mtaa wa kando ya Bandari Kongwe, chini ya Le Panier. Mwezi uliofuata majengo yapatayo 1,500 yakalipuliwa kwa baruti. Wakubwa waliutazama mtaa ule kwa mbali wakaona ficho la wahalifu na wapinzani tu. Wachuuzi, mabaharia na watoto hawakuwaona.

Tena, tarehe 5 Novemba 2018, nyumba mbili za Rue d'Aubagne, huko huko Noailles, zilianguka zikaua watu wanane. Wapangaji walikuwa wamelalamikia nyufa. Safari hii kosa halikuwa kutazama vibaya. Kosa lilikuwa kutotazama, ingawa nyumba zenyewe zilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka gatini.

Basi kukwepa vichochoro si heshima. Mtaa usiotembelewa na yeyote huweza kubomoka bila mtu kujali. Lakini kuingia na kuchuma picha kama machungwa ya shamba lisilo na mwenyewe nako si heshima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilijiuliza mwenyeji yule angepona nini kwa ujio wangu.

Nikashusha kamera. Kwa leso yake nilimdhania Mkomoro, kwani Wakomoro ni wengi Marseille na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akacheka. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, na kunieleza kwamba aliwahi kuishi Zanzibar kwa shangazi yake. Akanisogezea kigoda. Tukazungumza juu ya bei ya mchicha, juu ya kodi ya nyumba, na juu ya ufa wa ngazini kwake ambao alikuwa ameuandikia barua mara mbili.

Akaniomba niende nikauone. Nikapanda naye ngazi, nikautazama. Sikuwa na uwezo wa kuuziba, wala sikuipiga picha hata moja. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuingia mtaa wa watu, humtafuta kwanza mtu wa kumwamkia.