Sare Ambayo Haikwenda Vitani

Je, nguo ya jeshi ambayo haikuvaliwa vitani haina hatia? Swali hili lilinijia niliposoma habari za watu wanaokusanya sare za majaribio, yaani zile zilizoshonwa chache ili zipimwe, kisha zikakataliwa.

Tuchukue mfano wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Kabla ya 2004 lilijaribu michoro kadhaa ya mabaka. Mwaka huo likachagua mchoro wa kijivu uitwao UCP, ukitarajiwa kumficha askari popote. Huko Afghanistan haukuwaficha vizuri, na mwaka 2010 askari waliokuwa huko wakaanza kupewa mchoro mwingine. Mwaka 2019 ule wa kijivu ukaondolewa kabisa. Sasa wakusanyaji wanazitafuta sare za michoro iliyokataliwa kwa udi na uvumba.

Mkusanyaji anaweza kujitetea kwamba sare yake ni safi, kwani hakuna aliyeua wala kufa akiwa ameivaa. Sikubaliani naye. Sare hiyo ina maana kwa sababu kuna nyingine iliyochaguliwa badala yake, na watu wakaenda nayo vitani. Ukiiondolea vita, kinachobaki ni kitambaa tu, na kitambaa hakimkoseshi mtu usingizi.

Hapa Uganda, sheria inamkataza raia kuwa na sare za jeshi. Lakini bibi yangu hahitaji sheria. Hataki hata mkoba wa mabaka nyumbani kwake, kwa kuwa enzi za Idi Amin sare ilimaanisha mlango kugongwa usiku. Nilipomweleza kwamba kuna watu wanaozitundika ukutani kama mapambo, alinijibu, "Mjukuu wangu, hao hawajawahi kujificha uvunguni." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo ndipo swali liliponigeukia. Nilipochagua kusoma Kiswahili chuo kikuu, bibi alinuna kwa wiki nzima. Kwake, hiyo ndiyo lugha ya waliougonga mlango. Nilimjibu kwamba lugha haina kosa, wenye kosa ni wale waliomtisha. Je, jibu langu lina tofauti gani na la mkusanyaji? Ikiwa yeye hawezi kuisafisha sare kwa kusahau ilishonewa nini, nami siwezi kukisafisha Kiswahili kwa kumnyamazisha bibi.

Kwa hiyo naona kwamba kitu si lazima kiwe safi ndipo kihifadhiwe. Anayekusanya sare hatendi kosa, mradi aihifadhi pamoja na habari zake zote, na asimcheke anayeiogopa. Mimi sijaacha Kiswahili, wala sitakiacha. Ila simwambii tena bibi kwamba lugha haina kosa. Siku hizi namwuliza ni maneno gani aliyoyasikia usiku ule, naye ameanza kunieleza, neno moja moja.