MSAFIRI, MUKIMU NA MWENYEJI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi kwa waja wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, aliyeuhama mji aliokuwa akiupenda akawa baraka kwa mji uliompokea, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Watu wa pwani ni watu wa safari tangu zamani, kwa bahari na kwa nchi kavu. Na mas'ala iliyo mbele ya kila aendaye ugenini ni hii: Je, yafaa mtu akae katika mji wa watu, apate riziki yake humo, na moyo wake wote auweke kwingine, akajiona hadaiwi kitu na mji ule kwa kuwa yeye ni mpita njia? Wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Nalo ndilo liharibulo miezi ya kwanza ya wageni wengi, na miezi ikisha kuharibika, miaka huifuata.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, wamewapanga watu katika jambo hili daraja tatu. Wa kwanza ni msafiri, naye ana ruhusa ya kupunguza sala ya rakaa nne akaisali mbili. Wa pili ni mukimu, yaani aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali ya siku ya kuingia na siku ya kutoka; huyu ruhusa yake imekatika tangu afikapo. Wa tatu ni mustautini, mwenyeji khasa, aliyeufanya mji kuwa wake, haondoki kaskazi wala kusi illa kwa haja. Na yuko mwingine asiyenuia kitu, kila siku husema, "Haja yangu ikisha kesho nitaondoka." Huyu amepewa siku 18 za kupunguza sala, zikipita, husali kamili kama wengine, hatta akiendelea kusema kesho.

Sasa na itazamwe hukumu ya Ijumaa. Mukimu ni wajibu juu yake kuihudhuria. Lakini katika wale watu 40 ambao Ijumaa haisihi bila yao, yeye hahesabiwi. Wahesabiwao ni wenyeji tu. Basi uko wakati, nao waweza kuwa mrefu, ambao mtu amelazimika na wajibu wote na bado hajatiwa katika hesabu. Sheria haikumwuliza kama mji umempendeza, wala kama ameuzoea upepo wake na chakula chake. Imemwuliza nia yake ya kukaa, basi. Na miezi ya kwanza ya ugeni ndiyo hali hiyo hiyo: mgeni hudaiwa kabla hajatambuliwa. Mwenye akili hulipa deni bila kungoja atambuliwe, na mpumbavu husema, "Wanihesabu kwanza, kisha nitatoa."

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa Mombasa avukaye mpaka kwa Taveta na Holili, akaenda Same kufungua duka, au akapanda milimani mpaka Mamba kununua tangawizi. Chini atakuta bonde kavu lenye upepo na vumbi. Juu atakuta milima ya kijani yenye baridi usiku. Hakuna bahari, nazi ni ya kuletwa, na makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yamekuwa chakula cha kila siku. Haya yote ni mazito, wala si aibu kuyaona mazito. Maradhi yake si hayo. Maradhi yake huanza pale asemapo moyoni, "Hawa ni watu wa bara, wana nini cha kunifunza?"

Laiti angaliuliza, angaliambiwa. Watu hawa hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Kabla ya kuja Wazungu, wahunzi wa ukoo wa Washana walikuwa wakiyeyusha chuma huko Ugweno, na Wachaga wakikinunua. Milimani wamejenga ndiva, mabwawa yanayokusanya maji ya chemchemi usiku ili yafunguliwe mchana yakashuke kwa mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Kazi ya kuzibua mifereji na kutengeneza njia huifanya kwa msaragambo, mwito wa watu wote, na asiyetokea huweza kutozwa faini. Na mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka mpaka Same, penye makao ya serikali ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, kwa kuwa waliiona si ya haki. Watu wajuao kugawana maji kwa zamu, na kusimama pamoja mbele ya serikali, hawawi watu wasio na ustaarabu kwa sababu tu hawakuzaliwa karibu na bahari.

Tena wako miongoni mwao Waislamu wengi, khasa Usangi na Ugweno, na mgeni huwa mwepesi wa kucheka matamshi yao badala ya kusimama katika safu pamoja nao. Wako na Wakristo: Walutheri tangu mwanzo wa karne ya 20, na Wasabato walioanza kazi yao Upare ya Kusini mwaka 1903. Na katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu amefundisha kwamba watu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mbora wao ni mcha Mungu. Hakuutaja mji wala bandari.

Atasema msemaji: "Kujichanganya na watu wasio wa dini yangu kutaipoteza dini yangu." Hujibiwa kwamba Waislamu wa mwanzo walihamia Uhabeshi, karibu na mwaka 615, chini ya mfalme Mkristo, na baadhi yao, pamoja na Jaafar bin Abi Talib, hawakurudi mpaka mwaka 628. Miaka hiyo yote hawakuiacha sala, wala hawakuufanyia uovu mji uliowahifadhi. Jaafar alipoitwa mbele ya Najashi aliieleza dini yake kwa ukweli na adabu. Kadhalika mgeni wa Upare: akiitwa msaragambo aende na jembe lake, na kazi ikisha, pakiletwa dengelua, pombe yao ya miwa, aikatae kwa maneno mazuri, akae kidogo na jirani zake kisha aende zake. Jembe si haramu, na pombe haikuwa halali kwa kuwa imeletwa baada ya kazi njema. Asiyeweza kuyatenga mawili hayo, udhaifu ni wake, si wa jirani.

Atasema tena: "Moyo hauamrishwi. Naipenda Mombasa, nitawezaje kuupenda mji huu?" Hujibiwa kwamba hakuamrishwa kuacha kuipenda. Sahaba walipofika Madina mwaka 622, homa iliwashika Abubakar na Bilal, na Bilal alikuwa akiitamani Makka na mabonde yake kwa sauti. Mtume hakumkemea kwa shauku ile. Alimwomba Mwenyezi Mungu aipendeze Madina kwao kama Makka au zaidi. Basi mapenzi ya mji ni kitu cha kuombwa, huja kwa wakati wake, na haki za jirani hazikuambiwa ziyangoje.

Na mfano ulio wazi kwa mfanya biashara ni Abdurrahman bin Auf. Alifika Madina hana kitu, Mtume akamfunga udugu na Saad bin Rabia, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akaoa mwanamke wa Kiansari, na Mtume akamwamrisha afanye karamu japo ya mbuzi mmoja. Hapa pana adabu mbili. Mwenyeji alitoa bila kuombwa, na mgeni hakuukalia ukarimu ule. Hili hulijua hatta Waswahili, wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Na katika ndoa ile pana onyo kwa wengi. Wako wageni waoao huko bara, na moyoni wameficha kwamba siku ya kurudi pwani watamwacha mke. Mut'a ni haramu kwa Ahli Sunna, nalo hilo lajulikana. Huyu hakutamka muda, na kwa dhahiri akdi yake imesihi. Lakini mafakihi wameichukia nia kama hiyo, na baba wa binti, lau angaliijua, asingalimwoza. Anayemficha mtu jambo ambalo angalilijua asingalikubali, amemghushi. Na kughushi nguo dukani ni jepesi kuliko kughushi nyumba ya watu. Hapa ndipo ule usemi wa "mimi ni mpita njia" huonyesha ubaya wake wote, kwa kuwa yeye hupita na wengine hubaki na hasara.

Basi miezi ya kwanza ina mambo machache ya kushikwa. Ajifunze maamkizi ya Chasu kabla ya bei za Chasu. Asali pamoja na watu wa msikiti wa karibu, hatta kama imamu wao si wa kabila lake. Akisikia kilio aende maziko, kwani na yeye akifa huko, hao ndio watakaomchimbia kaburi, na jamaa zake wa Mombasa huenda wakafika mchanga umekwisha kauka. Apime kwa mizani ya haki tangu siku ya kwanza, wala asiseme atafanya haki akisha kuzoea. Na katika faida yake iwemo sehemu ya mji uliomlisha, ikiwa ni mfereji, au chuo, au paa la msikiti.

Akirudi kwao baada ya hayo, hakuna ubaya. Kurudi kwa wazee ni jambo la kheri. Na akibaki mpaka akawa mustautini, ikafika Ijumaa moja akahesabiwa katika wale 40, hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu juu yake. Katika hali zote mbili atakuwa amekaa kama inavyompasa Mwislamu kukaa. Wallahu aalamu.