Mgeni Akija, Mwenyeji Yuko Wapi?

Anayekwenda Mafia kwa boti hupandia Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, kwenye delta ya Rufiji. Mtalii hupita hapo gatini, akanunua maji, kisha akavuka kwenda Kilindoni kumtazama papa potwe, au Utende kwenye mahoteli yaliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Sisi tunaobaki gatini huanza mjadala ule ule: mavazi yake.

Mjadala huo una haki yake, kwani Muislamu hawezi kudharau staha. Lakini nauona ni mwepesi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumkirimu mgeni, na mwenye kukirimu ni yule mwenye nyumba. Yeye ndiye anayesema: viatu vua hapa, chakula ni hiki, pombe hapana. Sasa tujiulize: aliyekwisha kuuza shamba lake la minazi la ufukweni, atamwambia nani avue viatu?

Wapo watakaosema: muuzaji karidhia, mnunuzi karidhia, kosa liko wapi? Ni kweli, kuridhiana ni msingi wa biashara katika Uislamu. Lakini wanazuoni wamezungumzia pia ghabn, yaani kumpunja asiyejua thamani ya mali yake. Mzee anayehesabu minazi na mnunuzi anayehesabu vyumba vya hoteli hawauziani kitu kimoja. Ridhaa ya asiyejua ni nusu ridhaa.

Wala tusimtupie lawama mnunuzi peke yake. Dalali ni kijana wetu, na anayegonga muhuri tunaswali naye safu moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Mkutano ukiitishwa, wangapi tunakwenda? Na sisi tulioko Dar es Salaam, je, si ndio tunaompigia mzee simu auze haraka, tupate mtaji?

Utalii si haramu kwa jina lake. Mzee anaweza kukodisha kwa mkataba wenye muda na masharti, ardhi ikabaki ya wajukuu. Waliotutangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Wallahu a'lam.