Haya, Ukweli na Mwimbaji

Mwalimu wa Kiswahili afikapo kwenye somo la tafsida, huwaeleza wanafunzi wake kwamba lugha hii ina adabu yake. Muungwana hasemi kwamba jirani amekufa, husema amefariki dunia. Hasemi kwamba mke wa fulani ana mimba, husema ni mjamzito. Wanafunzi huyaelewa haya upesi, nasi hupita kwenda somo jingine. Lakini liko swali ambalo aghalabu hatuliulizi: je, yapo mambo ambayo kuyanyamazia kwa sababu ya haya ni kosa kubwa kuliko kuyataja? Katika makala hii nakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuwatazama waimbaji watatu, mmoja wa hapa kwetu Uganda na wawili wa asili ya Kongo, walioimba juu ya UKIMWI wakati ambapo wakubwa wengi hawakuwa tayari kuuzungumzia.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Ugonjwa huu ulipojulikana katika nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliupa majina ya pembeni. Hapa Uganda uliitwa silimu, kwa vile mgonjwa alikonda sana. Katika mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, wengine waliuita Juliana, jina la nguo iliyopendwa siku zile. Baadaye Kiswahili kikapata neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, neno lililoundwa vizuri na linalotamkika mbele ya mtu yeyote. Hata hivyo, kulitaja jina la ugonjwa ni jambo moja, na kueleza njia unayopitia ni jambo jingine. Jina lilipatikana, njia ikaonewa haya.

Hapo ndipo waimbaji walipoingia. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa bendi ya OK Jazz huko Zaire, alitoa wimbo mrefu uitwao Attention na SIDA, kwa Kilingala na Kifaransa. Humo aliwaonya watu wa kila tabaka kama mhubiri aliyesimama mimbarini. Ni vema kukumbuka kwamba mwanamuziki huyuhuyu alifungwa gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi.

Wa pili ni Philly Bongoley Lutaaya, mwana wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989 alisimama hadharani akatangaza kwamba yeye mwenyewe ana UKIMWI. Hakukosekana aliyedhani kwamba anatafuta sifa au fedha. Lakini Lutaaya alikwenda katika shule na makanisa, akaimba na kusema, huku mwili wake ukizidi kudhoofu machoni pa watu. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka uleule, akiwa na umri wa miaka 38.

Wa tatu ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kupata umaarufu akiwa na bendi ya Super Matimila. Watu walimwita Dokta, ingawa hakusomea udaktari. Yeye aliimba kwa Kiswahili, na ugonjwa ulipokuwa umekwisha kuenea alitunga wimbo wa Mambo kwa Soksi, akiwahimiza wanaume watumie mpira. Redio ya taifa, ambayo wakati huo ndiyo pekee iliyokuwako Tanzania Bara, haikukubali kuupiga. Wimbo ukasambaa kwa kanda na katika kumbi za dansi.

Yafaa tuwatendee haki wale walioukataa. Redio ya miaka ile haikuwa kitu cha mtu mmoja mmoja. Iliwekwa sebuleni au kibarazani, na mbele yake waliketi pamoja baba mkwe na mkaza mwana, nyanya na mjukuu. Sauti ikishatoka humo haimchagui msikilizaji. Mtu aliyesema kwamba wimbo wa namna hiyo ungewaaibisha wazazi mbele ya watoto wao hakusema uwongo, na haya aliyoitetea ndiyo iliyotulea sisi sote.

Lakini tuichunguze haya hiyo kwa undani. Je, wazee wetu walinyamaza kabisa juu ya mambo ya mwili? La, hasha. Pwani alikuwako kungwi, aliyemfunda mwari mambo ya unyumba kwa maneno ya wazi na kwa nyimbo. Katika Buganda kazi hiyo ni ya ssenga, shangazi upande wa baba. Mama mzazi alinyamaza kwa sababu alijua kuna mtu mwingine aliyepewa kazi ya kusema. Kwa hiyo ukimya wa sebuleni haukuwa ujinga wala woga; ulitegemea usemi wa chumbani. Waliyafunika mambo kwa watu wote, wakayafunua kwa yule aliyetakiwa kuyajua, kwa wakati wake. Nao ndio waliotuachia methali isemayo kwamba mficha uchi hazai.

Sasa fikiri kijana aliyeacha kijiji chake akaenda kutafuta kazi Kampala, Kinshasa au Dar es Salaam. Kungwi wake yuko wapi? Ssenga hakupanda naye basi. Sebule imebaki na ukimya wake, lakini kile chumba kilichoufanya ukimya ule uwe na maana hakipo tena. Wala vijana hawakuwa kimya. Huko Dar es Salaam walikwisha kuzichukua herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa, AIDS, wakazifanya zisomeke “Acha Iniue Dogodogo Siachi”. Basi mtaani maneno yalikuwako tele, ila hayakuwa ya mkubwa mwenye kuonya. Nafasi ya kungwi ilikuwa wazi, na naona kwamba waimbaji hawa ndio walioishika.

Tena Ongala aliishika kwa adabu kuliko walivyodhani waliomkataa. Tulitazame neno lake. Hakuutaja mpira kwa jina la dukani, alisema soksi. Mtoto mdogo asikiapo soksi hufikiri juu ya mguu, na mtu mzima huelewa kinachosemwa. Hiyo ni tafsida halisi, tena ni fumbo lililotungwa kwa desturi ya lugha yetu. Wimbo uliohesabiwa kuwa hauna haya ulikuwa umeivaa haya katika neno lake kuu.

Hata hivyo tafsida ina mpaka. Lutaaya hakutumia fumbo, wala lisingemfaa. Atoaye shauri aweza kulizungushia maneno, na msikilizaji akafaidika. Atoaye ushahidi juu ya mwili wake mwenyewe akizungusha maneno, ushahidi hupungua nguvu. Methali yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lutaaya alikataa kusubiri aumbuliwe.

Huenda mwenzangu akauliza: kama ni hivyo, tuufungulie mlango kila wimbo wa matusi? Sidhani. Maisha ya Franco yatupa kipimo. Mdomo ulioleta gereza mwaka 1978 ndio ulioonya mwaka 1987. Basi hatuwezi kuhukumu kwa kumtazama msemaji peke yake, wala kwa kuhesabu viungo vya mwili vilivyotajwa. Tuulize: msikilizaji akishausikia wimbo, ameachiwa nini cha kumlinda? Na ukinyamazishwa, ni nani atakayelipa gharama ya ukimya huo? Haya iliwekwa ilinde heshima na uhai wa watu. Ikiwa inayalinda masikio ya wakubwa huku vijana wanazikwa, imeacha kazi yake.

Siwezi kudai kwamba nyimbo ndizo zilizookoa maisha. Maambukizi yalipopungua Uganda katika miaka ya 1990, sababu zilikuwa nyingi, nasi hatuna mizani ya kupimia sehemu ya wimbo. Siku hizi ziko dawa ambazo Lutaaya hakuzipata. Lakini yatakuja mambo mengine ya kuonewa haya, nayo yatataka watu wa kuyasema.

Kwa sababu hiyo napendekeza tulifundishe somo la tafsida kwa namna nyingine. Tusiishie kuwapa wanafunzi orodha ya maneno ya adabu badala ya maneno makali. Tuwape neno soksi, tuwaeleze lilivyotumika na kwa nini lilikataliwa, kisha tuwaachie wajadiliane kama waliolikataa walikuwa na haki. Wengine watawatetea, na wasikilizwe. Muhimu ni kwamba watoke darasani wakijua kwamba tafsida iliundwa ili jambo zito lipate kusemwa.