Kumlilia Mtu Mwenye Sifa na Doa
Mafundisho kwa mwezi wa marehemu



Kitabu cha pili cha Wamakabayo, katika sura ya kumi na mbili, chasimulia habari ifaayo kufikiriwa sana mwezi huu, ambao Wakristu huwakumbuka wafu wao. Yuda Makabayo alikuwa amepigana vita na Gorgia, na baadhi ya askari wake waliuawa. Vita vilipokwisha, alirudi na watu wake kuichukua miili ya mashujaa hao, wapate kuzikwa pamoja na jamaa zao. Walakini walipoiinua miili, walikuta chini ya kanzu za wafu hirizi za sanamu za Yamnia, vitu ambavyo Torati iliwakataza Wayahudi kabisa. Hivyo wale waliosifiwa jana wakaonekana leo kuwa na doa.

Yuda afanye nini? Angeweza kuzificha hirizi zile ili jeshi lisione haya. Angeweza pia kuiacha miili porini, iliwe na ndege. Hakufanya hili wala lile. Kosa lilijulikana mbele ya wote, nao wakamsifu Mungu afunuaye yaliyositirika. Yuda akawaonya walio hai wasitende vivyo. Kisha akachanga fedha zipatazo drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za wafu wale.

Basi, mambo matatu yalitendeka siku ile: kweli haikufichwa, walio hai walionywa, na wafu waliombewa. Ndivyo impasavyo Mkristu kumlilia kila mtu aliyekufa akiacha nyuma yake sifa na doa pamoja. Nchi ya Kongo nayo ina mfano wake, nao ni wa mwalimu wa mpira.

Blagoja Vidinić alizaliwa mwaka 1934 mjini Skopje, katika nchi iliyoitwa wakati ule Yugoslavia. Katika ujana wake alikuwa mlinda lango hodari, na mwaka 1960 alipata medali ya dhahabu pamoja na timu ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki mjini Roma. Alipokuwa mwalimu aliwaongoza Wamoroko katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Meksiko. Baadaye akaja Kinshasa kuwafundisha Chui wa Zaire, maana ndivyo Kongo ilivyoitwa siku zile.

Kazi yake ilizaa matunda. Mwezi wa Machi 1974, Chui walikwenda Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezo wa mwisho, dhidi ya Zambia, ulikwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2. Ukarudiwa baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alifunga mabao 9, hesabu isiyofikiwa na mchezaji mwingine katika shindano moja la kombe hilo. Tena Chui walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya kucheza Kombe la Dunia, wakiwa wa kwanza kutoka nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Nchi nzima ilishangilia. Jina la Vidinić lilitajwa kwa heshima mjini na vijijini.

Haikupita miezi minne heshima ile ikageuka. Mwezi wa Juni 1974 timu ilikuwa Ujerumani Magharibi. Tarehe 14 ilishindwa na Scotland 2 kwa 0, wala haikuwa aibu. Lakini wachezaji wenyewe wamesimulia kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, kwa kuwa wakubwa waliofuatana nao walizila. Wakataka kugoma, wasiingie tena uwanjani. Wakaingia wakiwa wamevunjika moyo. Na waliokuwa wakiwangoja tarehe 18 mjini Gelsenkirchen ni Wayugoslavia, ndugu za mwalimu wao.

Baada ya dakika ishirini hivi Zaire ilikuwa imekwisha kufungwa mabao matatu. Hapo mwalimu akamtoa mlinda lango Kazadi Mwamba, akamtia Tubilandu Dimbi, kijana mfupi wa kimo. Mabao hayakukoma. Mchezo ulikwisha 9 kwa 0.

Ndipo uvumi ulipozaliwa. Watu walisema: Amewauza vijana wetu kwa watu wa kwao. Amemtoa kipa makusudi. Damu ni nzito! Inasimuliwa kwamba Vidinić alijitetea, akisema amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyefuatana na timu. Wengine wakamsadiki, wengine wakamcheka. Uvumi ule haukuthibitishwa, wala haukufutika. Vidinić aliondoka Zaire, akafundisha mahali pengine, akafariki mwezi wa Desemba 2006 mjini Strasbourg, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 72. Hata leo wapo wamtajao, na mara wamtajapo hutaja yale mabao tisa kabla ya kulitaja kombe.

Mtu wa namna hii alilliwe jinsi gani? Na afuatwe Yuda Makabayo.

Kwanza, kweli isifichwe. Mfu hasitiriwi kwa uongo. Wako watu ambao, mkubwa akifa, husema juu ya kaburi lake kana kwamba hakutenda kosa maisha yake yote. Na wale aliowaumiza husimama nyuma ya umati wakisikiliza, na moyo wao huumia mara ya pili. Hiyo si huruma. Mwalimu aliyewafikisha vijana wa Kongo mahali wasipopata kufika, na asifiwe kwa hilo. Na kama ni kweli kwamba alitii amri ambayo yeye mwenyewe hakuiona kuwa njema, hilo nalo lisemwe: mwalimu aliyekabidhiwa vijana atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa ajili yao, wala hatapona kwa kusema, Niliamriwa.

Tena kweli kamili hutazama pande zote. Kama ndivyo ilivyokuwa, vijana walinyimwa ujira wao kabla hawajafungwa bao hata moja na Wayugoslavia. Kumzuilia mfanya kazi ujira wake ni dhambi dhidi ya amri ya saba. Kanisa huihesabu miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na Mtakatifu Yakobo aliikemea kwa ukali katika sura ya tano ya waraka wake. Ni ajabu kwamba uvumi ulimfuata mgeni miaka mingi, na walioshika mfuko hawakutajwa hata majina yao! Mara nyingi huwa hivyo. Kelele juu ya mtu mmoja huwa kichaka cha kujifichia watu wengine.

Pili, walio hai waonywe. Amri ya nane haikatazi ushahidi wa uongo barazani tu. Hukataza kusingizia, yaani kumtwika mtu kosa asilolitenda. Hukataza kusengenya, yaani kutangaza bila sababu ya haki kosa lake la siri. Tena hukataza hukumu ya haraka, yaani kusadiki ubaya wa mwenzio moyoni bila ushahidi wa kutosha. Hii ya tatu wengi hawaiungami, maana hawaijui kuwa ni dhambi.

Katika mchezo ule wa Gelsenkirchen lilitokea jambo moja la kufundisha. Baada ya bao la nne wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi kwa hasira, na mmoja akampiga teke. Mwamuzi akageuka, akamfukuza Ndaye Mulamba uwanjani. Walakini aliyempiga teke si Ndaye. Alikuwa Ilunga Mwepu, naye alikiri baadaye. Fikirini basi. Mwamuzi alikuwa papo hapo, tena maumivu aliyasikia katika mwili wake mwenyewe, na hata hivyo alimwadhibu asiye na kosa. Ikiwa aliyekuwa karibu hivyo alikosea, yule aliyeketi mbali maili elfu na elfu, akapata habari kwa kinywa cha jirani, ataapaje kwamba aliyajua mawazo ya moyo wa Vidinić?

Ushahidi mkuu walioutoa watu ulikuwa huu: Yeye ni wa kwao. Neno hili, ndugu wapenzi, lina historia ya machozi katika Ituri. Tangu mwaka 1999 hata 2003 maelfu ya watu wa nchi hii waliuawa, si kwa tendo walilolitenda, bali kwa kabila walilozaliwa nalo. Mwezi wa Mei 2003 watu wa Bunia waliacha nyumba zao wakakimbilia kiwanja cha ndege na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Na tangu mwisho wa mwaka 2017 Djugu imewaka tena. Moto wa namna hiyo hauanzi kwa panga wala kwa bunduki. Huanza kwa neno dogo linalosemwa kisimani, sokoni, au kando ya uwanja wa mpira: Yeye ni wa kwao, bila shaka ametuuza.

Kwa sababu hiyo mzazi anayesimama kando ya uwanja wa misioni, akaona mwalimu wa timu amemtoa mwanawe na kumtia mtoto wa kabila jingine, na aulinde ulimi wake saa ileile. Akiwa na neno, amwendee mwalimu, amwulize peke yake, kama alivyofundisha Bwana wetu Yezu Kristu katika Injili ya Mtakatifu Mateo. Asimwambie mtoto njiani kwamba mwalimu wake ni adui. Mtoto hatasahau. Atakapokuwa na miaka ishirini, neno lile litakuwa limekomaa pamoja naye. Na yule mwenye kuishika fedha ya timu, ijapokuwa ni faranga chache za michango ya wanafunzi, na aiandike kila kuchwa na kuisoma mbele ya wote, uvumi usipate mahali pa kuota.

Aliyekwisha kusema uongo juu ya mwenzake, kuungama kwake hakutoshi bila malipo. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi. Aliyeiba jina jema na alirudishe, akiwaendea walewale waliomsikia na kuwaambia: Nilisema nisilolijua. Ni kazi nzito, lakini ndiyo toba.

Tatu, wafu waombewe. Wachezaji wa mwaka ule wengi wamekwisha kufa. Ilunga Mwepu alifariki mwaka 2015. Ndaye Mulamba alikufa Johannesburg mwezi wa Januari 2019, akiwa mkimbizi wa miaka mingi mbali na kwao. Huyu watu walimlilia mara mbili: mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa heshima yake, kwa kuwa habari za uongo zilisema amekufa, naye wakati huo alikuwa hai Afrika Kusini, katika umaskini. Alipewa heshima ya mfu, na hakuna aliyempelekea mkate wa mtu aliye hai. Ndiyo machozi ya wanadamu hayo: mara nyingi huwahi mno, au huchelewa.

Sala peke yake haichelewi. Hukumu ni ya Mungu, naye aliyaona yote ya Gelsenkirchen: fedha iliyopotea, amri iliyotolewa au isiyotolewa, na moyo wa yule mwalimu aliyekaa kando akitazama watu wa kwao wakiwafunga watoto aliowalea. Kanisa halikumpa mtu yeyote kazi ya kuwapeleka wafu motoni. Limempa kila Mkristu kazi ya kuwaombea walioko toharani, wenye sifa na wenye doa, wa kwetu na wa kwao.

Azimio la mwezi: Kila mmoja amkumbuke marehemu mmoja ambaye alimsema vibaya bila hakika, amwombee rehema katika Misa, na kulirudisha jina lake jema kwa mtu mmoja aliyesikia.

Ee Bwana, uwapokee wafu wetu, uwasafishe madoa yao, ukatulinde ndimi zetu, tusije tukafika mbele yako na damu ya jina la mwenzetu. Amina.