Urithi na Deni Lake

Katika mambo aliyotuamrisha Mwenyezi Mungu zaidi ya mara moja katika Kitabu chake ni kutembea katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Amri hii wengi wetu twaisoma, na wachache twaitenda. Na hata hao wachache, mara nyingi hutembea kwa miguu tu, macho wameyaacha nyumbani. Twasema haya kwa kujilaumu nafsi zetu kwanza, kwani sisi watu wa darasa tulifunga safari ya siku moja huko bara tukidhani twaenda kutazama mlima, kumbe mlima ndio uliotutazama sisi.

Tulikuwa wageni wa ndugu zetu wa Kiminini, mji mdogo ulio katika barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Wenyeji wetu walitutafutia kijana wa Kibukusu anayezijua njia na khabari za nchi ile, atuongoze kutwa: asubuhi twende mlima Elgon, na alasiri tuteremke hadi kilima cha Chetambe, kilicho juu ya mji wa Webuye. Tukaondoka baada ya kuswali alfajiri.

Mlima Elgon ni mlima wa moto uliozimika zamani mno. Wajuzi wa mawe wasema kuwa umri wake wahisabiwa kwa mamilioni ya miaka, na kuwa ni mkubwa kwa umri kuliko Kilimanjaro na mlima Kenya. Kilele chake cha juu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho chafika mita 4,321. Shimo la juu, ambalo hapo kale lilikuwa kinywa cha moto, lina upana wa kilomita 8 hivi. Nchi yote iliyouzunguka, yenye udongo mwekundu na mahindi yasiyokwisha kwa macho, yala katika rutuba iliyotokana na moto ule. Kilichokuwa maangamizi jana, kwa amri ya Mola kimekuwa riziki leo.

Tulipokuwa twapanda kwa njia ya Endebess, mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alianza kutusimulia. Alisema: “Sisi ndio tuliozifungua njia hizi. Kabla ya reli na kabla ya Mzungu, sisi tulikuwa Mumias. Lugha hii wanayosema watu hawa, sisi ndio tuliowaletea. Na dini pia ni sisi.” Sote tukaitikia kwa vichwa, na nyoyo zetu zikafurahi. Wala hakusema uwongo. Misafara ya pwani ilifika kwa Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga, katika karne ya kumi na tisa. Na mwanawe Nabongo Mumia, ambaye mji umeitwa kwa jina lake, alisilimu, akafa mwaka 1949. Hayo yajulikana. Basi tukaendelea kupanda mlima hali tumejaa “sisi”.

Ndani ya mbuga ya serikali, iliyowekwa mwaka 1968, kijana alitupeleka katika pango la Kitum. Hili ni pango lililoingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Ajabu yake ni kuwa ndovu huingia humo usiku, katika kiza kisichoonekana hata mkono, wakipapasa kwa mikonga, kisha huchimba ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi iliyomo ndani ya jiwe. Alama za pembe tuliziona kwa macho yetu na kuzigusa kwa vidole, mistari juu ya mistari, ya vizazi hata vizazi. Kadhalika katika mapango ya mlima huu waliishi watu pamoja na mifugo yao. Na Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliwaona mwaka 1883.

Kijana akasema kwa upole: “Ndovu walikuwa wengi sana zamani. Pembe zao ndizo zilizowaleta watu wa misafara.” Akanyamaza. Nasi tukanyamaza, tusijue kuwa neno lile lilikuwa na mwenziwe likitungoja mbele.

Tukarudi kwa njia ya Kitale, mji ambao husimuliwa na wenyewe kuwa palikuwa na kituo cha misafara ya watumwa kabla haujajengwa. Tukapita tena Kiminini, kisha Kamukuywa, na wakati wa alasiri tukawa juu ya Chetambe. Hapo palikuwa na mji wa Wabukusu uliozungushiwa handaki na boma, kama ilivyokuwa desturi yao kujenga kwa kujilinda. Ukisimama pale waiona nchi yote chini yako. Waliochagua mahali pale hawakuwa wajinga wa vita.

Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Hobley, mtumishi wa serikali ya Kiingereza aliyekuwa Mumias, liliwapiga Wabukusu huko Lumboka na kisha hapa Chetambe. Chanzo kilichotajwa ni bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, na kuuawa kwa askari wa Kisudani waliotumwa kuzidai. Jeshi hilo halikuwa la Wazungu watupu. Wengi wake walikuwa askari wa Kisudani, Waganda, Wawanga na Wamasai. Na hao Wasudani walikuwa Waislamu. Wabukusu waliokufa hapo walikuwa wengi, na hawakusahauliwa. Mwaka 1947, baada ya miaka zaidi ya hamsini, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikusanya watu wake mahali hapa kuwakumbuka.

Kijana alipokwisha kutueleza hayo, aliongeza: “Wazee wetu husimulia kuwa kabla ya bunduki za serikali walikuja watu wa misafara. Walinunua pembe; na palipokosekana pembe, walichukua watu. Wazee wanawaita Waswahili.”

Yule mwenzetu alibadilika uso. Akajibu: “Mwanangu, hao si sisi. Hao walikuwa wafanyabiashara, wamekwisha kufa, na kila mtu na amali yake.”

Kijana akasema, “Naam, mzee,” wala hakuzidisha.

Enyi ndugu, asubuhi ilikuwa “sisi”, na alasiri ikawa “hao”. Misafara ilikuwa ni ile ile moja, iliyofika katika nchi ile ile na kwa njia ile ile. Ilipotajwa kwa dini na lugha tuliiita yetu, na ilipotajwa kwa pembe na minyororo tukaikana. Wala hatusemi kuwa kosa lilikuwa la mwenzetu peke yake, kwani asubuhi tuliitikia pamoja naye, na alasiri tulimshukuru kimoyomoyo kwa jawabu lake.

Hili ndilo suala tulilorudi nalo: je, yatupasa kubeba makosa ya wazee wetu waliokwisha kufa?

Mwenye kusema kuwa haitupasi ana hoja yenye nguvu, wala haifai kuipuuza. Qurani imebainisha kuwa hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na kuwa umma uliopita una chumo lake nasi tuna chumo letu. Sisi hatukumfunga mtu mnyororo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sayyid Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, wala baba zetu. Tena katika sisi watu wa pwani wamo wengi ambao wazee wao ndio waliofungwa, si waliofunga. Na Waingereza, waliojisifu kuwa wamekuja kuondoa utumwa, ndio hao waliopiga Chetambe. Yote haya ni kweli.

Lakini hoja hii yajibu suala la dhambi, wala haijibu suala la deni. Na mambo haya mawili sheria yetu imeyatenganisha waziwazi. Mtu akifa, dhambi yake yamfuata yeye kaburini, haimrudii mwanawe. Ama deni lake lakaa juu ya mali aliyoiacha. Na kulla mwanafunzi aliyesoma mlango wa mirathi ajua kuwa warithi hawagawi kitu mpaka marehemu amezikwa, madeni yake yamelipwa, na wasia wake umetimizwa. Mrithi hadaiwi kutoka katika mfuko wake mwenyewe. Hilo ni rehema ya sheria. Lakini akishika tarika akaila, kisha akaambiwa lina deni, naye akajibu, “Aliyekopa si mimi, ni marehemu,” kadhi yeyote atamwambia: “Kweli si wewe. Basi weka chini hicho ulichokishika.”

Wazee wetu wa misafara walituachia nini? Mashamba na majumba yamekwisha kwa wengi wetu. Walichotuachia ni jina. Walituachia kuitwa watu wa ustaarabu, watu wa kale katika dini, watu wenye lugha ambayo leo mataifa yaisema. Hilo ndilo tarika tunaloligawa kila siku katika barza zetu na harusi zetu. Nalo lina deni. Atakaye kusema “wazee wangu walileta nuru bara” na aseme, lakini aseme pia walichokichukua. Na asiyetaka kukitaja walichokichukua, basi aache na kujisifu, awe mtu aliyezaliwa jana, asiye na mzee wala sifa. Njia ya tatu, ya kula urithi na kulikana deni, hatuijui katika sheria, wala katika murua.

Labda mtu atauliza: wadai wamekufa, na waliodhulumiwa wamekufa, tutamlipa nani, na kwa sarafu gani? Twajibu kwa kisa kilichotupitia jioni ile ile.

Baada ya maneno yale tulitaka kuswali alasiri. Tukatafuta mahali palipo sawa, tukapanga safu. Kijana naye akachukua maji akatawadha, akasimama mwisho wa safu. Tulipokwisha kutoa salamu, mmoja wetu alimgeukia kwa bashasha akamuuliza: “Mashaallah! Umesilimu lini?” Akajibu: “Sikusilimu, bwana. Nimezaliwa Muislamu. Aliyesilimu ni babu yangu, huko Mumias.”

Tangu alfajiri alikuwa pamoja nasi. Tulimuuliza urefu wa mlima na idadi ya ndovu. Hakuna aliyemuuliza ameswali wapi adhuhuri, wala hakuna aliyemtolea salamu ya Kiislamu, ila tulimsalimu kama asalimiwavyo mtu baki. Kwa nini? Kwa sababu jina lake la ukoo lilikuwa la kibara, na nyuso zetu zilikwisha hukumu kabla ya ndimi kuuliza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitangaza mbele ya umati wa watu katika Hija yake ya kuaga kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Sisi twaihifadhi khutuba hiyo, kisha twasafiri kutwa nzima na ndugu yetu tusimjue.

Basi deni bado liko hai, na wadai wako hai. Ile dharau iliyowezesha mtu kumtazama mwenziwe akaona bei, haikuzikwa pamoja na wenye misafara. Imetufikia sisi, imevaa nguo nyingine. Yakaa katika neno “mshenzi” litamkwalo mbele ya watoto wetu. Yakaa katika posa inayokataliwa, si kwa dini ya mposaji wala tabia yake, bali kwa kuwa “ni mtu wa bara,” na walii akajificha nyuma ya mlango wa kufu katika vitabu vya fiqhi. Yakaa katika miskiti ambayo Muislamu wa Bungoma aweza kuswali miaka ishirini bila ya kuulizwa jina la mamake.

Sarafu ya kulilipa ni nyepesi kutaja na nzito kutoa. Kwanza ni kusema kweli: watoto wafundishwe majumbani na madrasani khabari ya misafara yote, mizigo iliyokwenda na mizigo iliyorudi. Pili ni kuliacha neno la dharau, tusilitamke hata kwa mzaha. Tatu ni kumtazama ndugu wa bara kwa dini yake na amali yake, katika safu, katika elimu na katika ndoa, kama tumtazamavyo wa mtaani kwetu.

Imepokewa kuwa aliletwa maiti mbele ya Mtume ili amswalie. Akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo, alisita. Akasimama sahaba Abu Qatada akasema kuwa deni lile li juu yake yeye, ndipo Mtume akamswalia. Abu Qatada hakulikopa yeye, wala hapakuwa na aliyemlazimisha. Aliona ndugu yake amefungwa na deni, akamfungua. Tukiwapenda wazee wetu kwa kweli, hii ndiyo njia ya kuwapenda. Kuyaficha waliyoyafanya hakuwafai kitu mbele ya Mola wao, na kuwalipia huenda kukawafaa.

Tulirudi Kiminini magharibi yakiingia. Yule mwenzetu mtu mzima alikuwa kimya njia nzima. Tulipofika, ikakimiwa swala; akamshika kijana mkono akamtanguliza mbele, naye akasimama nyuma yake pamoja nasi. Hatukusikia neno lolote kati yao, wala hatukuuliza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuione kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, awasamehe waliotutangulia, wala asijaalie katika nyoyo zetu kiburi cha kula tusichokilipia. Amin.